Pole bila hongera

Mtoto aliteleza kwenye ukingo wa kibaraza akaangukia magoti. Hakuumia sana, ila alishtuka, na kabla kilio hakijatoka alikuwa ameshanyoosha mikono. "Dada!" aliita. Binti aliyekuwa anachambua maharage akaweka ungo chini, akamwinua, akampuliza goti, akamfuta kamasi kwa pindo la khanga. Mtoto akatulia. Kisha akageuka kumtazama mama yangu mdogo, aliyekuwa anageuza kahawa kwenye kichanja, akamshtakia: "Mama, nimeanguka."

Hayo niliyaona Mbozi, mkoani Songwe, msimu wa kuvuna kahawa, nilipokwenda kumsalimu mama mdogo na familia yake. Nilikuwa najua, kama ukoo mzima unavyojua. Anayeitwa dada ndiye aliyemzaa. Anayeitwa mama ni bibi yake. Binti huyo, mdogo wangu, alijifungua akiwa na miaka 16, baada ya kuachia masomo kidato cha pili. Hakuna kikao kilichokaa kupanga nani aitwe nani. Mtoto alipoanza kutamka, kila mtu alimwonyesha bibi na kumwambia "nenda kwa mama", na ikawa hivyo.

Katika jamii zetu mwanamke akizaa hupandishwa cheo kwa jina. Jana alikuwa binti fulani, leo ni Mama Fulani, na jina hilo atazeeka nalo. Anayezaa akiwa mwanafunzi hapewi cheo hicho, na lile jina la utoto nalo limeshachafuka. Si mtoto tena machoni pa majirani, na si mama mbele ya mwanawe mwenyewe.

Mmoja kati ya watano

Yeye si wa peke yake. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 uliwakuta asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 wakiwa wameshawahi kushika mimba. Songwe ndiyo iliyoongoza kwa asilimia 45. Maana yake, ukiwasimamisha mstarini wasichana kumi wa rika hilo mkoani kwetu, wanne au watano wameshaijua kliniki ya wajawazito. Jirani zetu wa Kenya, katika utafiti wao wa mwaka huohuo, walipata asilimia 15 kwa nchi nzima, lakini kaunti ya Samburu ikafika asilimia 50.

Kila mwaka takwimu hizi husomwa kwenye semina, watu wakatikisa vichwa, chai ikanywewa. Kisichosomwa ni namna msichana anavyoishi ndani ya takwimu hiyo tangu siku aliyogundua hadi siku mtoto anapoanza kumwita dada.

"Amepata mimba"

Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili, na karibu yote yanamficha mtu mmoja. Amepata mimba. Amebeba mimba. Ameharibika. Amezalia nyumbani. Mtu hupata malaria, hupata ajali, na binti hupata mimba, kana kwamba alipita njiani akaiokota. Hata tunapokiri kwamba palikuwa na mtu wa pili, tunasema amepewa, amejazwa, amepachikwa. Aliyempa bado hana jina. Ametoka kwenye sentensi kabla hajatoka kijijini.

Msichana huanza kuishi na siri. Huvaa sweta la shule hadi mchana wa jua kali. Hujifunga khanga tumboni chini ya sketi na kuikaza kila wiki. Akitapika husingizia vidonda vya tumbo, akisinzia darasani husingizia kuchota maji alfajiri. Wengine huacha kula wakidhani tumbo litapungua. Usiku, wenzake wakilala, huhesabu miezi kwa vidole, na hesabu ikimpa jibu asilolitaka huanza upya.

Shuleni kulikuwa na foleni. Sisi tuliosoma bweni tunaikumbuka: tukirudi likizo wasichana tunapangwa, mmoja mmoja tunaingia kwa matroni, unalala kitandani, anakubonyeza tumbo kwa vidole viwili huku anakutazama usoni. Hata sisi ambao hatukuwa na la kuficha tulitetemeka. Muhula mmoja mwenzetu aliingia akakawia. Jioni kaka yake alikuja kuchukua sanduku lake la bati. Kesho yake mwalimu wa darasa alipoita majina, alifika kwenye jina lake akaliruka, akaendelea. Hatukuambiwa kitu, nasi hatukuuliza. Tulikuwa tumejifunza somo, na halikuwa la uzazi.

Nyumbani nako swali la kwanza huwa moja: "Ya nani?" Baba huuliza, shangazi huuliza, mwalimu huuliza, mjumbe huuliza. Wengine huuliza wakiwa na fimbo mkononi. Swali hilo lina umuhimu wake, maana bila jibu hakuna kesi. Lakini likitangulia yote, msichana hujiona kama begi lililookotwa stendi: watu wamelizunguka wakitafuta mwenyewe, hakuna anayelifungua kuona ndani kuna nini. Huenda alilazimishwa. Huenda alimpenda. Huenda aliomba nauli tu.

Nauli, chipsi na geto

Ukitaka kujua mimba zinaanzia wapi, fuata njia ya shule. Sekondari za kata zimejengwa kwa wingi, lakini kata ni kubwa na mabweni ni machache. Mwanafunzi anatembea saa nzima au zaidi, asubuhi gizani, jioni magharibi imeshaingia. Bodaboda anayempa lifti leo na kesho, wiki ijayo ana deni la kudai. Wengine wazazi huwapangia chumba karibu na shule, wenyewe wanakiita geto. Binti wa miaka 14 anapika, anafua, anajifungia mlango mwenyewe, na unga ukiisha katikati ya mwezi hana wa kumwambia. Pakiti ya chipsi, vocha ya simu, taulo za kike: hivi ndivyo vitu vinavyotajwa ukikaa na wasichana wakazoea kukuamini. Ni vitu vidogo, na udogo wake ndio unaouma.

Sheria kwa upande huu ni kali. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Tangu mwaka 1998, sheria ya makosa ya kujamiiana inahesabu kuwa ni ubakaji mwanaume kufanya mapenzi na msichana wa chini ya miaka 18 hata kama alikubali, isipokuwa akiwa mkewe wa ndoa. Mwanya huo wa ndoa unatokana na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi aliipeleka Serikali mahakamani, Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaukazia uamuzi huo Oktoba 2019. Bunge lilitakiwa kuvirekebisha, na miaka ikapita.

Vijijini, hata hivyo, kesi nyingi haziendi mbali kiasi hicho. Zinamalizwa nyumbani. Wazee wa pande mbili wanakaa, wanakunywa chai, wanataja fidia, inaandikwa hati kwenye karatasi ya daftari. Ng'ombe wawili, au fedha taslimu kwa awamu, na awamu ya pili mara nyingi haifiki. Msichana hayupo kikaoni. Yuko jikoni anachemsha ile chai.

Ikifika polisi, mzigo wote unamwangukia yeye. Asimame kizimbani amtaje mtu ambaye, akifungwa, mtoto hatakuwa na baba wala matunzo, na ukoo wake utamwona yeye ndiye aliyemfunga. Wengi hugeuka, husema simjui, ilikuwa usiku. Kesi inafutwa, na mtaani inasemwa kwamba hata yeye mwenyewe hajui mwenye mimba.

Barua ya mwenyekiti

Mjamzito anapoanza kliniki hutakiwa aende na mwenza ili wapimwe wote, VVU na kaswende. Nia ni njema kabisa. Kwa msichana wa miaka 16, agizo hilo ni ukuta. Asiye na mwenza, sehemu nyingi, hutakiwa kuleta barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Basi inambidi aende kwa mwenyekiti, ambaye huenda ni rafiki wa baba yake, akae kwenye benchi pamoja na wenye migogoro ya mashamba, kisha aseme kwa sauti ya kusikika kwamba mwanaume hayupo. Mwenyekiti anaandika, anapiga muhuri. Karatasi hiyo inaingia ndani ya kadi ya kliniki, na kila atakayeifungua kadi ataanza nayo.

Wengine wakiifikiria safari hiyo hawaendi kabisa, au huenda miezi ya mwisho. Nao ndio wanaohitaji kwenda mapema kuliko wote. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mama wa miaka 10 hadi 19 wako katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko wenye miaka 20 hadi 24, na watoto wao wako katika hatari zaidi ya kuzaliwa njiti au na uzito pungufu. Nyonga ambayo haijapevuka inaweza kuleta uchungu pingamizi, na uchungu pingamizi usiposhughulikiwa kwa wakati huzaa fistula. Hapo aliyekwishatengwa kwa mimba hutengwa mara ya pili kwa harufu ya mkojo, wakati fistula nyingi zinatibika kwa upasuaji.

Kejeli ya leba haina haja ya kuelezwa. Nchi nzima inaijua, hata wanaume wanaijua kwa kusimuliwa: ulipokuwa unafanya ulilia? Wapo wakunga, tena wengi, wanaomshika binti mkono usiku kucha na kumwita mwanangu. Lakini neno moja la kejeli likisemwa saa ile halisahauliki. Mwanamke mtu mzima analisikia akiwa na mama mkwe nje na mume kwenye simu. Msichana analisikia akiwa peke yake, akiamini anastahili.

Kisha mtoto analia, na hapa huja jambo ambalo wasichana hawalisemi hadi uwe umekaa nao sana. Wengi hufurahi. Humtazama mtoto, vidole, kucha, nywele zilizolala, na furaha huwapanda bila kutaka. Halafu huona haya kwa kufurahi.

Kwetu mzazi hutembelewa. Watu huja na sukari, sabuni, kuku, khanga, uji wa pilipili manga hupikwa, na kila aingiaye husema: "Pole, na hongera." Pole kwa uchungu, hongera kwa mtoto. Maneno haya mawili yanakwenda pamoja kama miguu. Mdogo wangu alipojifungua, wageni walikuja wachache, wakamkuta kitandani, wakasema "pole". Wakaishia hapo. Hongera alipewa mama mdogo, nje, kwa sauti ya chini: hongera kwa kuvumilia.

Baada ya wageni zikafuata wiki za maziwa kujaa na kuuma, na za kuamka saa nane za usiku na mtoto asiyenyamaza. Rafiki zake walikatazwa na mama zao wasije, wasije wakaambukizwa. Mzazi yeyote anaweza kushikwa na sonona baada ya kujifungua. Mzazi mwenye umri huu, akikaa kimya na kulia ovyo, huambiwa ni majuto, na majuto hayapelekwi hospitali.

Mlango wa shule

Kwa muda mrefu mlango huo ulifungwa kwa maandishi. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la kimaadili au kwa kuolewa, na mimba ikahesabiwa humo. Juni 22, 2017, akiwa mkoani Pwani, Rais John Magufuli alitamka kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shuleni. Zanzibar ilikuwa inawaruhusu kurudi tangu 2010, na Kenya ilikuwa na mwongozo wa kuwarejesha tangu 1994. Novemba 24, 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuondoa kizuizi, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukafungua mlango. Mwongozo uliofuata mwaka 2022 ukaweka ukomo: msichana arejee ndani ya miaka miwili tangu alipoacha masomo.

Waraka ni kitu kikubwa, na tuushukuru. Lakini haumbebi mtoto. Anayerudi darasani anakaa na wadogo zake kwa umri, wanamwita "mama", jina ambalo nyumbani kwake amenyimwa na hapa anapewa kwa dhihaka. Kipindi cha nne maziwa yanachuruzika kwenye blauzi nyeupe, anaifunika kwa daftari. Mapumziko, wenzake wakienda kununua mihogo, yeye anawaza kama mtoto amekula. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa tangu 2016, lakini nani amshike mtoto kuanzia asubuhi hadi saa tisa?

Vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo nchini viko 54, vimejaribu kujibu swali hilo. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, wasichana waliokatiza masomo wanasoma sekondari na ufundi, na mtoto anapata pa kukaa mama akiwa darasani. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ina njia yake mbadala. Kwingine kote, jibu la swali hilo ni bibi.

Bibi mwenye miaka 38

Tusimwonee bibi. Mara nyingi ni mwanamke ambaye hajafika hata miaka 40, ana mtoto wake wa mwisho mgongoni, na mume anamwambia, "Umemlea vibaya binti yako." Aibu ya nyumba humwangukia yeye kwanza. Anapomchukua mjukuu na kumfanya wake, anawaokoa watu wawili kwa mkupuo: mtoto asiitwe mwanaharamu, binti aweze kuolewa kesho.

Wokovu huo una gharama, na analipa binti. Siku mtoto anapougua, anayeulizwa na daktari ni bibi. Jina lake likitafutwa, bibi ndiye anayelichagua. Binti anabaki msaidizi wa kazi katika malezi ya mwanawe, anayeitwa pale goti linapochubuka.

Najua hoja ya upande wa pili, nimeisikia misikitini, makanisani na mezani kwetu: tukiwapongeza, tutawachochea wengine. Naiheshimu, maana wanaoisema wana mabinti. Lakini tuitazame kwa hesabu. Mwaka 2010 wasichana waliokuwa wameshazaa au kubeba mimba walikuwa asilimia 23. Katika utafiti wa 2015 na 2016 wakafika asilimia 27. Miaka yote hiyo mimba ilikuwa ni kufukuzwa, foleni ya matroni ilikuwepo, pole ilitolewa bila hongera. Kama aibu ingekuwa kinga, tungeshapona zamani. Aibu haijamzuia msichana kupanda bodaboda. Imemzuia kusema mapema kwamba dereva anamsumbua.

Siku ya kuondoka Mbozi mdogo wangu alinisindikiza hadi barabarani, mtoto mgongoni. Mama mmoja muuza ndizi alimchezea mtoto shavu akauliza, "Wa nani huyu, mzuri hivi?" Mdogo wangu akajibu, "Wa kwetu." Nami nilikuwa hapo nimesimama na begi langu, nikanyamaza.

Nikiwa ndani ya basi ndipo nilipopiga hesabu. Tangu mdogo wangu aache shule ilikuwa imepita miaka mitatu kasoro. Ule mlango wa miaka miwili ulifunguka na kujifunga sisi tukiwa tunapanga mtoto amwite nani. Ukoo una walimu wawili na mwandishi wa habari mmoja, na hakuna aliyemwambia kwamba waraka upo. Niliporudi mjini nikampigia simu, nikaanza na nilichopaswa kuanza nacho siku ile ya kwanza: hongera. Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka. Tukazungumza habari za chuo.

Msomaji, kama yuko mmoja kwenu, mwambie pole, mwambie na hongera, kisha muulize anataka kusoma wapi. Kama alilazimishwa, au bado anasumbuliwa, simu ya bure ya kumsaidia mtoto ni 116, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Miaka yake miwili inahesabiwa tangu alipoacha shule. Haiwasubiri majirani wamalize kusema.